Usiku wa Kina Mama, Majengo ya Pumwani

Mtu wa pwani ashukaye Gikomba, akaingia Majengo ya Pumwani, hujiona kama bado yu kwao. Wazee wenye kofia wameketi barazani, mabuibui yapita vichochoroni, na jina la Msikiti wa Riyadha lamkumbusha Lamu. Mtaa huu serikali ya kikoloni iliuanzisha mwanzoni mwa miaka ya 1920, kuwakusanya Waafrika waliotawanyika katika vijiji vya Nairobi. Waislamu wakajenga nyumba za Kiswahili, ukumbi kati na vyumba huku na huku, wakaja na ngoma zao, beni na lelemama.

Huko niliitwa kufungisha nikaha. Nikaha haikuwa na mushkili. Mushkili ulikuwa ni kitu gani kipigwe usiku wa kina mama. Mamake bibi harusi alitaka dufu na vugo. Binti na shoga zake walitaka kukodi mtambo wa muziki, vipaza sauti virefu kama makabati. Ami yake akasema vyote ni haramu, akarudi kwenye tasbihi yake. "Maalim, tuamulie," akasema mama.

Nikawaeleza niliyosomeshwa. Katika Sahihi Bukhari imo habari ya Bibi Aisha alipompeleka bibi harusi kwa mume wa Kiansari, Mtume (s.a.w.) akauliza kama hawakuwa na pumbao, kwani Ansari walipenda pumbao. Imo pia habari ya Bibi Rubayyi binti Muawwidh: wasichana wadogo walipiga dufu harusini kwake, Mtume ameketi pale pale. Alilolikataza ni neno moja tu, waliposema yumo kati yao nabii ajuaye ya kesho. Mengine akawaacha waendelee. Hapo ami akapata jawabu, na wasichana nao wakapata lao: maneno hupimwa kabla ya mdundo. Kuhusu nyuzi na zumari maulamaa wamehitilafiana, nami sikuona haja ya kuwatwika watu wa harusi ugomvi huo.

Lakini Majengo ina jambo jingine. Nyumba zimebanana mno, kuta ni nyembamba; mtambo ukilia kwa mmoja, kumi hawalali, na miongoni mwao yumo mgonjwa, yumo mzazi wa juzi. Nikawauliza: mkikodi mtambo, nani ataimba? Wakanyamaza. Jirani aliyeitwa kuimba ni mgeni wa harusi. Asiyeitwa ana makelele tu. Hapo Eastleigh, mwendo wa miguu, wanawake wa Kisomali wana buraanbur yao: mmoja hughani sifa za koo mbili, wenziwe humjibu kwa makofi na ngoma, wala mwanamume hayumo.

Jioni tatu wanawake wa mtaa walijizoeza ukumbini. Shoga za binti walipewa kaswida za kufungulia, bibi mmoja akaleta pembe zake za vugo. Fedha za mtambo zikanunua mchele. Ami alikaa nje barazani na sahani yake ya pilau, na saa nne ya usiku dufu lilipowekwa chini, alikuwa bado yupo.