Siwa, Mbuzi na Mtoto wa Miaka Miwili

Msomaji wangu kijana, kama hujapata kufika Lamu wakati wa masika, usiidharau mvua yake. Upepo wa kusi huichafua bahari, majahazi hutulia bandarini, na katika vichochoro vyembamba vya mji maji ya mapaa humwangukia mpitaji kutoka kushoto na kulia, hata mwavuli usimfae. Mtoto mdogo akifungiwa nyumbani siku 3 katika hali hiyo, yeye mwenyewe hugeuka dhoruba. Ndiyo maana asubuhi moja mimi, mke wangu, mama yangu mzazi na mwanangu wa kiume wa miaka 2 tulikwenda makumbusho. Sikusukumwa na kiu ya elimu, ingawa ni mwalimu; nilitaka mahali pakavu penye nafasi ya miguu midogo kukimbia.

Jumba lenyewe limeelekea bahari. Lilijengwa mwishoni mwa karne ya 19, na maafisa wa Kiingereza walilitumia kabla halijawa nyumba ya hifadhi. Fahari yake ni siwa 2: moja ya pembe za ndovu iliyotoka Pate, kazi ya karne ya 17, ndefu kupita mita 2; nyingine ya shaba, ya Lamu yenyewe. Siwa ni baragumu ipulizwayo kwa tundu la ubavuni.

Mwanangu hakuuliza umri wake. Mtoto wa miaka 2 hajui zamani ni nini. Kwake yeye vitu vyote vimezaliwa leo asubuhi. Bibi yake alipomwambia, “Hii hupulizwa, baba,” aliweka ngumi mdomoni akapuliza hata mashavu yakamvimba, na mlio ukajaa chumba kizima. Wageni wakageuka, mke wangu akamshika mkono. Mimi nilipenda aachwe, kwani miongoni mwetu sote ni yeye peke yake aliyekikumbusha chombo kile kazi yake.

Lakini usiipambe siwa kupita kiasi, msomaji. Haikulia kwa kila mtu. Ilipigwa katika harusi na sherehe nyingine za waungwana, na mtu asiye wa koo zao hakuthubutu kuiomba kwa harusi ya bintiye. Leo mtoto wa mwalimu huisogelea kwa bei ya tiketi. Sauti imepotea, na ubaguzi wake umepotea nayo. Sijui kama naweza kuililia ya kwanza bila kuishukuru ya pili.

Tukapita kwenye mfano wa mtepe. Chombo hiki kilishonwa kwa kamba za nazi bila msumari wa chuma, na tanga lake lilikuwa mkeka. Mtepe haupo tena baharini. Umebaki katika mifano kama ule. Mtoto akasema, “Mashua! Baba, twende!” Nje mvua ilizidi kupiga, na moyo wangu ukavuka bahari hadi Unguja, ambako Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit-el-Ajaib, nayo ikiwa nyumba ya makumbusho, ilianguka na kuua watu. Nyumba zinazotunza vitu vyetu nazo zahitaji mtunzaji.

Mvua ilipopungua kidogo tukapanda vichochoroni hadi Nyumba ya Kiswahili, iliyojengwa katika karne ya 18 kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko. Hapo mama yangu, ambaye hakusomea chuo chochote, aliichukua kazi yangu. Katika chuo cha ualimu nilifundishwa kwamba kitu kitangulie na jina lifuate. Yeye alimshika mjukuu mkono akawa anagusa na kutaja: daka, hapa mlangoni penye viti vya mawe, kiwanda, uwanja huu wa ndani ulio wazi juu, msana wa tini, msana wa yuu, zidaka, vishimo hivi vya ukutani vilivyowekwa vyombo vya Kichina. Wewe ukisikia kiwanda wafikiri mitambo na moshi. Mwanangu amekijua kwanza kwa mwanga na matone ya mvua.

Kufika kwenye vyombo vya jikoni, mtoto akapiga kelele, “Mbuzi ya Bibi!” Kabla hatujamzuia alikwisha kuipanda kama punda. Kijana mlinzi wa pale akamwinua kwa upole.

“Mwanangu,” mama akamwambia kijana yule, “mbuzi hii ina kosa gani hata ikafungiwa huku? Yangu ingali yakuna nazi.”

Kijana akacheka. Akasema wako wanafunzi waingiao mle wasioweza kukisia kazi yake, kwa kuwa kwao tui hutoka katika pakiti. Mama akastaajabu sana. Akachuchumaa kando ya mbuzi bila kuigusa, akaonyesha kwa mikono mitupu jinsi kifuu kinavyozungushwa kwenye meno yale, na jinsi machicha yanavyokamuliwa katika kifumbu. Wageni wa Ulaya wakaviacha vyombo vya Kichina, wakaja kumzunguka.

Mmoja wao akamuuliza, kwa Kiswahili cha kubahatisha, kama angekubali siku moja kuitoa mbuzi yake iwekwe pale.

“Muulizeni mwenyewe,” mama akajibu, akimwonyesha mjukuu wake, ambaye wakati huo alikuwa akigaagaa sakafuni, akilia kwa kunyang’anywa mbuzi.