Tulivyoona Ngoma ya Wakhmer

Mwaka jana tulitumwa, sisi walimu watatu wa Lubumbashi, kwenye mkutano wa walimu huko Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia. Safari yenyewe hatutaisimulia. Anayetaka kuujua uchovu wake, na akae juu ya kiti kigumu tangu misa ya kwanza hata jua lichwe, kisha aanze tena.

Siku ya mwisho dada aliyekuwa akituongoza, mwalimu kijana wa mji ule, akatuambia, «Leo jioni nitawapeleka mkaone ngoma yetu.» Tukafurahi. Kwetu mtu akitaja ngoma, miguu inaanza kuwasha kabla haijapigwa.

Akatupeleka katika uwanja wa Jumba la Makumbusho la Taifa, jengo jekundu lililo karibu na jumba la mfalme. Kando ya jukwaa walikaa wapigaji, na hapo tukashangaa: chombo cha kwanza kilikuwa madimba! Mbao zimepangwa juu ya sanduku lililopindika kama mtumbwi, na mzee anazigonga kwa fimbo mbili. Wao hukiita roneat. Karibu naye mtu amekaa katikati ya duara la patu ndogo za shaba, mwingine ana zumari, mwingine ngoma yenye nyuso mbili. Mmoja wetu, mzaliwa wa Kasai, akanong'ona, «Hawa ni ndugu zetu.»

Lakini mchezo ulipoanza, undugu ukatupotea. Wasichana wakatoka wamevaa taji na hariri ya kumetameta, wakatembea. Ndiyo, walitembea tu! Mguu unainuliwa, vidole vyake vimeelekea juu, unangoja, kisha unashuka taratibu kama wa mtu anayeogopa kuvunja yai. Hawaruki, hawatikisi mabega, hawafungui kinywa. Wanaoimba ni wamama walioketi pamoja na wapigaji. Mwisho wakaturushia maua. Mwenzetu mmoja akatazama saa yake. Mwingine akasema kwa Kiswahili, akijua hakuna atakayemfahamu, «Hawa wataanza kucheza saa ngapi?» Tukacheka sote watatu. Tunaliandika jambo hili kwa kuwa ni kweli, wala halitupi sifa.

Dada hakuyajua maneno, lakini kicheko hakihitaji mkalimani. Hakukasirika. Aliinua mkono wake wa kuume, akavikunja vidole nyuma mpaka tukaogopa vitavunjika. «Hili ni jani,» akasema. Akaugeuza mkono: «Hili ni ua. Na hili ni tunda.» Alijifunza utotoni miaka minne, kisha akaacha. Kila asubuhi mwalimu huvikunja vidole vya watoto nyuma, na viwiko pia, na watoto hulia. Anayeanza akiwa mtu mzima hawezi tena, mifupa imekwisha kukataa. Tangu hapo tukaitazama mikono, tukajua kwamba tulikuwa tumewekewa kitabu mbele yetu, nasi tumekishika kichwa chini.

Mchezo wa pili ulikuwa hadithi ya Moni Mekhala, bibi wa bahari, na jitu liitwalo Ream Eyso. Wote walikuwa wanafunzi wa mzee mmoja mtawa. Mzee akasema, atakayenijazia chombo umande wa kwanza, nitampa zawadi. Jitu likahangaika na majani; Mekhala akatandaza nguo yake nyasini usiku, asubuhi akaikamua. Akapewa tufe la kioo, nalo jitu likapata shoka, na tangu siku ile linamfukuza. Tufe likimetameta, ndio umeme, shoka likitupwa, ndio radi, kisha mvua. Zamani ngoma hii ilichezwa kuomba mvua ilipokawia.

Na jitu lile lenye meno ya kutisha, ndani yake alikuwa msichana! Tangu zamani wanawake ndio waliocheza karibu watu wote wa ngoma hii, mabwana na majitu pia. Wavulana waliingia baadaye, kucheza nyani. Mekhala akapiga goti, akainua mguu wa pili nyuma, unyayo ukaelekea mbinguni. «Sasa anaruka angani,» dada akanong'ona. Akabaki hivyo bila kutikisika, sisi ndio tuliotetemeka kwa ajili yake. Mwenye saa hakuitazama tena.

Ilipokwisha tukabaki vitini, na dada akatueleza mengine. Ngoma hii ilikaa katika miili ya walimu zaidi kuliko katika vitabu. Tarehe 17 Aprili 1975 watu wa Pol Pot waliuteka mji, wakawafukuza wakaaji wote waende mashambani. Mpaka Januari 1979 walikuwa wamekufa kadiri ya watu milioni moja na nusu hata milioni mbili, kwa njaa, kwa ugonjwa, kwa kuuawa, na katika hao walikuwamo sehemu kubwa sana ya wachezaji na wapigaji. Mwalimu mkubwa Chea Samy, aliyelelewa tangu utoto katika ngoma ya mfalme, alikuwa mke wa kaka yake Pol Pot mwenyewe; naye alipelekwa shambani kama wengine. Aliokoka, akarudi kufundisha. Bibi yake dada yetu alikuwa mchezaji pia. Aliwaambia wakubwa wa kambi kwamba kazi yake ni kuuza mboga, na usiku gizani alivikunja vidole vyake chini ya gunia lililokuwa shuka lake, visisahau.

Waliookoka walikutana wachache. Huyu amekumbuka mikono, yule wimbo, mwingine mwisho tu wa mchezo. Mwaka 2003 UNESCO iliitangaza ngoma hii kuwa urithi wa watu wote. Lakini dada alisema hayo upesi, akarudi kwa bibi yake.

Tukaomba kuwasalimu wachezaji. Nyuma ya jukwaa mama mmoja alikuwa akikata nyuzi kwa mkasi, kwa maana nguo zile hushonewa mwilini kabla ya mchezo. Jitu likatoka ndani ya mavazi yake: mtoto wa miaka kumi na mitano hivi, uso umelowa jasho. Mwenzetu aliyeuliza wataanza kucheza saa ngapi akamwendea, akaunganisha viganja kifuani kama wafanyavyo wao, asijue la kusema. Msichana akamjibu vivyo hivyo, vidole vikikunjika nyuma kidogo vyenyewe. Kisha baba yake akapiga honi ya pikipiki huko nje, naye akaondoka mbio.