Sungura Aliyeporomoka na Maji: Uasilia na Usimulizi katika Safari za Bustani za Burudani

Katika uhakiki wa fasihi, neno uasilia hutumika mara nyingi kuliko linavyofafanuliwa. Tunamsifu mwandishi huyu kwa kuwa nao na kumlaumu yule kwa kuukosa, ilhali ni nadra tujiulize kigezo hicho kimetoka wapi na kinafaa kupima kazi za namna gani. Insha hii inakusudia kulichunguza suala hilo kwa mfano ambao huenda msomaji akauona wa ajabu katika kurasa hizi: safari zinazobuniwa katika bustani za burudani za kampuni ya Disney huko Marekani. Mgeni hupanda mtumbwi au kigari, akapitishwa gizani baina ya mandhari na wanasesere wanaosema na kuimba, hadi akatolewa mwangani upande wa pili. Nimeuchagua mfano huu kwa sababu mbili. Kwanza, wabunifu wa safari hizo wenyewe hudai kwamba kazi yao ni kusimulia hadithi. Pili, mojawapo ya safari hizo ilimsimulia Sungura, na Sungura ni jamaa yetu.

Suala lenyewe si la kinadharia tu. Miaka michache iliyopita mwanafunzi mmoja wa uzamili aliniletea pendekezo la tasnifu kuhusu safari hiyo ya Sungura. Jopo lililolisoma lilikataa kwa hoja mbili: kwamba kazi hiyo haina matini, na kwamba haina uasilia, kwa kuwa imekopa kutoka katika filamu, nayo filamu imekopa kutoka kitabuni. Mwanafunzi alibadilisha mada, akaandika juu ya riwaya, akahitimu. Sina ugomvi na riwaya. Lakini hoja zile mbili zimenikaa moyoni tangu siku ile, kwani tukizikubali sijui tutabaki na nini cha kufundisha katika kozi ya fasihi simulizi. Ngano alizonitambia mama yangu hazikuwa na matini, wala hakuna hata moja aliyoibuni yeye. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walipodai pale Nairobi kwamba fasihi simulizi ipewe nafasi ya msingi katika mtaala, walikuwa wakikipinga kigezo hiki hiki. Inashangaza kukiona kimerudi kwa mlango wa nyuma.

Hebu tuanze na usimulizi. Disneyland ilifunguliwa mjini Anaheim, California, tarehe 17 Julai 1955. Miongoni mwa safari za mwanzo ilikuwamo ile ya Snow White. Wabunifu walikuwa na wazo la kijasiri: mgeni mwenyewe ndiye awe Snow White. Kwa hiyo binti huyo hakuonekana popote njiani. Wachimba-madini wake walionekana, na mchawi alionekana, akimtisha mgeni uso kwa uso. Wageni hawakulielewa jambo hilo. Walitoka wakiuliza msichana mwenyewe yuko wapi. Mwaka 1983, safari hiyo ilipojengwa upya, sanamu yake iliwekwa. Mhakiki wa fasihi simulizi hapa ana jambo la kujifunza. Mtambaji anaweza kuipa hadhira nafasi ndani ya hadithi, lakini ni sharti hadhira ijue kwamba imepewa. Ndiyo kazi ya "Paukwa" na "Pakawa". Kabla ya tukio la kwanza kutajwa, msikilizaji amekwisha kuambiwa yeye ni nani na sauti yake iingie wapi. Safari ya mwaka 1955 ilikosa mlango wa aina hiyo.

Safari ya pili ya kutajwa ni ile ya maharamia wa Karibi, iliyofunguliwa mwezi Machi 1967, miezi michache baada ya kifo cha Walt Disney. Michoro ya matukio mengi ilikuwa ya Marc Davis, mandhari yalisimamiwa na Claude Coats, na maneno yaliandikwa na Xavier Atencio, ambaye kabla ya hapo alikuwa mchoraji wa katuni. Aristotle, aliyeupa msuko nafasi ya kwanza na mandhari ya jukwaani nafasi ya mwisho, angeikataa kazi hii papo hapo, kwa maana msuko wake ni hafifu sana. Mtumbwi huteremka mapangoni penye mifupa ya maharamia waliokufa, kisha hupita kati ya maharamia walio hai wakiuteka mji na kuutia moto. Hakuna shujaa, wala tatizo linalotatuliwa. Hata hivyo kuna mpangilio, nao ni wa kugeuza wakati: wafu wametangulia, walio hai wakafuata, ili mgeni ayatazame majivuno yao akijua mwisho wake. Huo ni usimulizi unaotegemea mfuatano wa taswira, na msomaji aliyezoea tendi zinazoanzia katikati ya mambo hatashindwa kuufuata.

Safari hii haikutokana na filamu wala kitabu kimoja. Kwa kigezo cha jopo letu, basi, ina uasilia. Lakini tazama yaliyofuata. Mwaka 2003 kampuni ilitoa filamu iliyoichukua safari kuwa chimbuko lake. Mwaka 2006 mhusika mkuu wa filamu hiyo, Jack Sparrow, akaingizwa katika safari. Sasa mtoto anayepanda mtumbwi huamini kwamba safari imeiga filamu. Asili imekuwa nakala ya nakala yake. Jambo hili huwatatiza wanaoamini kwamba kazi ya sanaa ina chemchemi moja, lakini halimtatizi hata kidogo mtu aliyewahi kukusanya ngano vijijini, ambako hadithi iliyochapishwa katika kitabu cha shule hurudi kwa bibi na kutambwa upya kana kwamba haikuwahi kutoka kinywani mwake.

Kwa hakika imani ya chemchemi moja ina historia yake. Uingereza mwaka 1759 Edward Young aliandika kuusifu utunzi wa asili dhidi ya uigaji, na Waromantiki waliomfuata wakaifanya fikra hiyo kuwa kama dini. Ilistawi pamoja na uchapishaji na haki ya mwandishi kuimiliki kazi yake. Si kosa, ila ni ya mahali na wakati wake. Fanani wa masimulizi hapimwi kwa kubuni kisa ambacho hakijasikika. Hupimwa kwa jinsi anavyokitamba kisa kinachojulikana, mbele ya watu hawa, usiku huu, kwa haja waliyo nayo.

Hapo ndipo tunapofika kwa Sungura. Splash Mountain ilifunguliwa Disneyland mwezi Julai 1989. Matoleo mengine mawili yalifunguliwa Florida na Tokyo mwaka 1992. Wanasesere wengi wa toleo la California walitolewa katika onyesho la nyimbo la America Sings, lililodumu kutoka 1974 hadi 1988, wakapewa uhai mpya katika hadithi nyingine. Kisa kilichukuliwa katika filamu ya Song of the South ya mwaka 1946. Sungura, anayeitwa Brer Rabbit, anachoka na nyumbani kwake na kushika njia. Mbweha na Dubu wanamwinda. Ananaswa. Akiwa karibu kupikwa anawasihi wamfanye lolote watakalo, ila wasimtupe katika kichaka cha miiba. Wanamtupa huko huko. Naye, aliyezaliwa na kukulia mibani, anatoroka akicheka.

Nilipanda safari hiyo mwaka 1996 nikiwa mwanafunzi katika jimbo hilo. Nilikwenda kwa kusukumwa na wenzangu, na sikutarajia chochote zaidi ya kulowa. Gogo tulilolipanda lilikwenda taratibu, likapita nyimbo na vicheko, kisha likaanza kupanda gizani. Juu yetu Sungura alikuwa ameshikwa, Mbweha akimtisha. Mara gogo likafika ukingoni na kuporomoka kiasi cha mita 16, moja kwa moja kuelekea miibani. Wenzangu walipiga mayowe. Mimi nilijikuta nikisema kwa lugha ya mama, peke yangu kati ya wageni, maneno ambayo kobe hutamka katika ngano ya kwetu anapoomba asitupwe majini.

Si kumbukumbu tu iliyoniteka. Kifani, anguko lile lilikuwa kamilifu. Katika ngano hii tendo moja hubeba maana mbili: kwa adui, kutupwa ni kifo, kwa mjanja, ni kufika nyumbani. Mtambaji hulazimika kuzigawa maana hizo kwa maneno, moja baada ya nyingine. Safari ilizitia zote mbili katika mwili wa mgeni kwa sekunde chache, hofu na furaha kwa pamoja, na mgeni aliyeporomoka alikuwa ndiye Sungura bila ya kuhitaji kuambiwa. Lile lililoshindikana kwa Snow White mwaka 1955 lilifaulu hapa, kwa sababu hadithi iliyochaguliwa ilikuwa na anguko ndani yake tangu zamani. Huo ndio ubunifu ninaouita uasilia: kukitambua kisa cha kale kinachokisubiri chombo kipya.

Lakini sifa hiyo haimalizi hesabu. Kisa hicho kilitoka kwa nani? Joel Chandler Harris, mwandishi wa magazeti Mzungu wa jimbo la Georgia, alizisikia ngano hizi ujanani mwake kutoka kwa Waafrika waliokuwa watumwa katika shamba la Turnwold, akazichapisha kuanzia mwaka 1879 kwa sauti ya mzee wa kubuni, Uncle Remus. Wataalamu walibishana sana juu ya asili yake. Richard Dorson alishikilia kwamba ni sehemu ndogo tu ya ngano za Wamarekani weusi iliyotoka Afrika. William Bascom akamjibu kwa kuorodhesha ngano moja moja pamoja na mifano yake barani humu. Anayeijua ngano ya kisima, ambamo Sungura anayeiba maji hunaswa na kobe aliyepakwa ulimbo mgongoni, hatahitaji ushahidi mwingi kuutambua ule mwanasesere wa lami katika kitabu cha Harris. Naye Alice Walker, aliyezaliwa Eatonton, mji ule ule alikozaliwa Harris, alieleza mwaka 1981 jinsi alivyohisi kwamba urithi wake umeibwa, kwani baada ya filamu watoto wa kwao waliona haya kuzisikiliza hadithi za wazazi wao wenyewe.

Wabunifu wa safari waliufahamu uzito huo. Walimwondoa Uncle Remus. Waliuondoa ulimbo, wakaweka asali. Yamkini walidhani wameondoa kila chenye kuudhi. Ila kuna walichobadilisha ambacho hakikutajwa sana. Katika safari, Sungura hupata taabu kwa sababu ameacha kwao, na mwishoni hupokewa kwa nyimbo akiwa amejifunza kwamba nyumbani ni nyumbani. Fikiria ngano hiyo ikitambwa na mtu aliyetekwa kwao na kuvushwa bahari. Kwake, mibani hakukuwa mahali pa kuridhika napo. Palikuwa mahali pekee ambapo bwana wake hawezi kuingia. Hila ya mnyonge dhidi ya mwenye nguvu iligeuzwa kuwa nasaha kwa watoto wasizurure. Kwa maoni yangu, hapa ndipo kazi hii ilipopungukiwa uasilia. Kukopa hakukuwa kosa. Ilichokosa ni kuibeba haja iliyoizaa hadithi.

Mwezi Juni 2020 kampuni ilitangaza kwamba safari za Marekani zingebadilishwa. Zilifungwa mwaka 2023, na mwaka 2024 mahali pake pakafunguliwa safari ya Tiana, kutokana na filamu ya mwaka 2009 yenye binti mfalme wa kwanza mweusi wa Disney. Wengi walifurahi, na walikuwa na haki; filamu ya 1946 iliwatia watu uchungu wa kweli. Mfereji ni ule ule na anguko ni lile lile. Sasa mgeni, aliyefanywa mdogo kama chura kwa uchawi, huporomoka ili arudi kimo chake. Maana mbili zimekuwa moja. Hakuna adui anayedanganywa, wala mnyonge anayeokoka kwa ulimi wake. Uncle Remus alitolewa kwanza. Sasa Sungura naye ametolewa, na pamoja naye sauti za wale wa Turnwold ambao hata majina yao mengi hatunayo. Dhuluma ya kuinyang'anya jamii hadithi yake haiondolewi kwa kuinyamazisha hadithi yenyewe.

Tunarudi, basi, kwa hoja za jopo. Kwamba kazi haina matini ni kweli, na ndiyo sababu ya kuiandikia. Safari iliyofungwa haisomeki tena, kama vile utambaji wa jana usivyosomeka. Hubaki kwa waliokuwapo na kwa mtafiti aliyewauliza mapema. Kwamba imekopa ni kweli pia. Swali la kuuliza ni lile tunalopaswa kumuuliza kila mtambaji: amekopa kwa nani, amebadilisha nini, na je, aliyenyonge katika hadithi bado anaokoka? Kigezo hicho kinaweza kuipima riwaya, filamu, ngano na hata gogo linaloporomoka majini, bila ya kuipendelea karatasi. Idara inayosita kukitumia itaendelea kuwafundisha wanafunzi kwamba Sungura ni mali ya vitabu vya darasa la tatu, wakati wenzetu ng'ambo wanaamua akae wapi na aondoke lini. Tasnifu ile bado haijaandikwa. Pendekezo likiletwa tena, na nina matumaini litaletwa, nitalitia sahihi yangu.