Sindano ya Fumo Liongo na Jiwe la Superman

Na mwanafunzi wa Kidato cha IV

Wapo wazee wetu, na hata baadhi ya walimu, wasemao kuwa hadithi za mashujaa wenye nguvu za ajabu ni za kupotezea wakati, na kwamba kijana azipendaye hataokota humo ila uvivu. Lawama hii si ngeni. Mwaka 1954 daktari mmoja wa Marekani, Fredric Wertham, alitoa kitabu kizima cha kuvishutumu vitabu vya katuni kuwa vinawaharibu watoto, na habari hiyo ikafika hata katika Baraza la Senati la nchi ile. Mimi sitaki kubishana na wakubwa zangu. Nataka tu kueleza nilichokipata katika hadithi hizo, kwa sababu kimenifaa katika jambo lisilo la mchezo, nalo ni pumzi yangu.

Nina ugonjwa wa pumu tangu utotoni. Kwa asiyeujua, njia nyembamba za hewa mapafuni huvimba, misuli inayozizunguka hukaza, na makohozi huziba nafasi ndogo iliyobaki. Hapo mgonjwa huwa kama mtu avutaye hewa kwa mrija mwembamba, na kifua chake hupiga mluzi. Si ugonjwa wa kuambukiza, wala si uchawi, wala si woga. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu, na kwamba watu 455,000 walikufa kwa ugonjwa huo mwaka ule ule. Basi mwenye pumu hayuko peke yake, lakini pia haifai aufanyie mzaha.

Hadithi zilinifikia kwa njia ya mjomba wangu, auzaye vitabu vya mitumba sokoni. Katika maboksi yake huwamo vitabu vya katuni vya Marekani, vingine havina majalada, vingine vimekatika mwisho. Wakati wa likizo huniruhusu kuvisoma, kwa sharti la kunawa mikono kwanza.

Nilianza na Superman. Huyu alibuniwa na vijana wawili wa mji wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, waliojuana walipokuwa wanafunzi wa sekondari. Siegel alikuwa akiandika katika gazeti la shule yao, jambo linalofaa kututia moyo sisi wa gazeti hili. Hadithi ya kwanza ya Superman ilitoka mwaka 1938. Risasi haimwingii, na nyumba huinyanyua kama mtu anyanyuavyo kigoda. Lakini liko jiwe moja, liitwalo kriptonaiti, ambalo likisogezwa karibu naye nguvu zote humtoka. Jiwe hilo lilitajwa mara ya kwanza katika mchezo wa redio mwaka 1943.

Nilimwuliza mjomba, "Mjomba, mbona mtu mwenye nguvu zote hizi wamempa na udhaifu?"

Akanijibu, "Mwanangu, mtu asiyeweza kuumia hana hadithi. Kwani hukusikia habari za Fumo Liongo?"

Nani katika sisi asiyezijua? Fumo Liongo, shujaa wa pwani yetu, alikuwa hafi kwa mkuki wala kwa mshale, isipokuwa kwa sindano ya shaba ichomwayo kitovuni. Mwanawe alitumwa na adui kuitafuta siri hiyo, naye akaipata, akamchoma babaye usingizini. Basi wazee wetu walikwisha kulijua jambo hili kabla hakujakuwa na kitabu cha katuni hata kimoja: kila mwenye nguvu ana mahali pake pa kuvunjikia.

Hili ndilo somo la kwanza nililolipata. Zamani nilidhani kujiamini ni kusema, "Mimi siwezi kuumwa." Sasa naona kwamba kujiamini kwa namna hiyo hakumfikishi mtu mbali. Kujiamini kwa kweli ni kujua unapovunjikia, na kupanga maisha yako kwa kujua hivyo. Kriptonaiti yangu mimi naijua kwa majina: vumbi la kufagia bweni, vumbi la mablanketi ya zamani, moshi wa kuni wa jikoni, na baridi ya alfajiri mwezi wa Julai. Kwa hiyo tulipatana na kiranja wetu kwamba wenzangu wafagiapo mimi niteke maji. Wao hufagia kwa robo saa, mimi huleta ndoo sita. Hakuna asemaye nimependelewa, na anayetaka tubadilishane ndoo zipo.

Somo la pili nililipata kwa Batman, aliyetoka mwaka mmoja baada ya Superman. Huyu hana nguvu yoyote ya ajabu. Ni yatima aliyeuzoeza mwili na akili yake kwa miaka mingi, na kiunoni huvaa mkanda wenye vifaa vyake vyote. Sijaona hadithi ambamo Batman anauonea haya mkanda wake. Mbona basi sisi tuione haya inhela, kile kikopo cha kubonyeza chenye dawa ya kuvuta? Mimi ninazo mbili. Moja huvutwa kila siku, hata nikiwa mzima, ili kutuliza uvimbe ndani ya njia za hewa. Ya pili ni ya kuokoa. Hiyo hulegeza misuli iliyokaza na kuzifungua njia za hewa kwa dakika chache, nayo hukaa mfukoni mwangu kila niendako, hata paredi.

Tena katika mkanda wangu kimo kifaa ambacho Batman hana, nacho ni chupa tupu ya maji ya nusu lita. Mtu aliyebanwa sana hawezi kuvuta dawa vema moja kwa moja kutoka katika kikopo, kwani nyingi hugonga koo na kuishia hapo. Madaktari wa Cape Town walijaribu kutoboa kitako cha chupa ya plastiki ya mililita 500, kutia inhela katika tundu hilo na kuziba pembeni pasivuje, kisha mtoto akapumua kwa mdomo wa chupa. Mwaka 1999 walitangaza kuwa chupa hiyo iliwafaa watoto waliobanwa na pumu sawasawa na kifaa cha kununuliwa dukani. Niliposoma habari hizo nilifurahi kuliko nilipomwona Batman akiruka maghorofa, maana chupa ile hata maskini anayo.

Faida yake niliiona mwaka jana, katika mwezi wa Septemba, wakati upepo wa kiangazi ulipokuwa ukipeperusha vumbi usiku kucha. Niliamka saa nane za usiku nikiwa nimebanwa, nisiweze kusema neno zima. Lakini tangu Kidato cha Kwanza nilikuwa nimewaambia wenzangu wa kitanda cha juu na cha jirani ugonjwa wangu ni upi, chupa iko wapi, na mfuko gani una dawa. Mmoja aliniketisha wima, mwingine akatia inhela katika chupa na kunihesabia pumzi, wa tatu akakimbia kumwamsha patroni. Alfajiri nilikuwa zahanati, na saa nne asubuhi nilikuwa darasani katika hesabu.

Hapo nilimkumbuka tena Fumo Liongo. Siri yake ilimwua kwa sababu iliingia katika masikio ya msaliti. Siri yangu iliniokoa kwa sababu iliingia katika masikio ya rafiki. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Wala hawakusema umtangazie kila mtu sokoni. Chagua wawili au watatu, uwaambie mapema, tena uwaoneshe kwa mikono namna ya kufanya, maana saa ya kubanwa si saa ya kufundisha.

Somo la tatu ni la Captain America, aliyebuniwa na Joe Simon na Jack Kirby, akatoka mwishoni mwa mwaka 1940. Kabla ya kuwa shujaa alikuwa kijana mwembamba, dhaifu, aliyekataliwa jeshini. Katika filamu ya mwaka 2011, pumu imo miongoni mwa maradhi yaliyoandikwa katika karatasi yake. Baadaye hupewa dawa ya ajabu na kuwa jitu la misuli, na hapo ndipo vijana wengi hupiga makofi. Mimi hupiga makofi kabla. Kabla hajapewa dawa, bomu la mkono hutupwa katikati ya askari waliokuwa wakizoezwa. Wenye vifua vipana wote hukimbia. Yeye mwembamba hulilalia bomu ili wenziwe wapone, hali hajui kwamba ni bomu la uongo. Basi ushujaa ulikuwa ndani ya mwili ule mgonjwa tangu mwanzo, na dawa haikuuongeza.

Nasema haya kwa kuwa wako wenzetu wanaotafuta dawa ile ya hadithini katika chupa za kweli. Huuzwa vidonge na sindano za kutunisha misuli, na vijana wa umri wetu huambiwa kuwa watapata kifua kwa mwezi mmoja. Dawa za namna hiyo zenye homoni huweza kuudhuru moyo na ini, na kwa kijana ambaye hajamaliza kukua huweza kuisimamisha mifupa yake isirefuke tena. Ukitaka mwili wenye nguvu, kula maharage yako, lala saa za kutosha, ufanye mazoezi kidogo kidogo bila kuacha. Mimi mwenye pumu nilianza kwa kutembea kuuzunguka uwanja. Baadaye nilikimbia raundi moja, kisha tatu. Mwaka huu nimekimbia mbio za nyika zote, nikiwa na inhela mfukoni. Sikuwa wa kwanza, wala wa kumi, lakini nyuma yangu walikuwako wenye mapafu mazima.

Pengine msomaji atasema kwamba hizi ni ndoto za karatasi tu. Na amtazame Christopher Reeve, mtu wa kweli, aliyecheza Superman katika filamu ya mwaka 1978. Mwaka 1995 alianguka kutoka juu ya farasi, akavunjika shingo, akapooza mwili tangu shingo kwenda chini. Mtu aliyeruka angani mbele ya macho ya dunia hakuweza hata kupumua bila mashine. Hata hivyo aliishi miaka tisa zaidi, na miaka hiyo aliitumia kuwatetea waliopooza na kutafuta fedha za utafiti wa tiba yao. Mwaka 1978 alivaa tu nguo za Superman. Ushujaa wake mwenyewe ulionekana katika kiti cha magurudumu.

Mwaka huu ninamaliza masomo yangu hapa, na kitanda changu kitachukuliwa na mgeni wa Kidato cha Kwanza. Huenda akaja na pumu, au selimundu, au kifafa, na huenda akaambiwa na watu wa kwao afiche. Namwomba asifiche. Nawaomba pia watakaolala karibu naye wasimcheke, bali wamwulize siku ya kwanza: "Ndugu, ukizidiwa tufanye nini?" Wakishajibiwa, walikumbuke jibu. Chupa yangu nitamwachia patroni. Imeoshwa, nayo bado haivuji.