Hakukuwa na Utupa

Nilimsingizia kijana wa watu kwamba ametia utupa, sumu ya kuulia samaki, baharini. Nilisema hayo mbele ya kamati ya wavuvi, nikasadikiwa kwa ajili ya umri wangu, naye akazuiwa kuvua msimu mzima. Nilimshitaki hadharani, basi na kukiri nakiri hadharani: hakukuwa na utupa.

Ilikuwa Machi, kaskazi inaishia, huku kwetu mashariki mwa Unguja, na bamvua lilikuwa kubwa. Niliinua dema nikakuta tasi na changu wote wamekufa, midomo wazi, matamvua yametanuka. Dema la pili vilevile. Kijana yule alikuwa akivua jirani, na sisi tulikuwa na ugomvi wa zamani wa mahali pa kutega. Sikutafuta sababu nyingine.

Sababu nilikuwa nimeikanyaga. Kwetu maji ya bamvua hukupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, jua limeshakuwa kali. Wakati wa kusi, mwezi wa Agosti, bahari huwa na nyuzi 25 hivi. Machi hufika 29 na kupita. Na hayo ni maji ya nje. Ndani, penye majani, nilipokuwa nimetega, maji ya magotini yakituama juani hupata moto kushinda hayo. Maji ya moto hushika hewa kidogo, ilhali samaki mwenyewe, mwili ukishapata joto, hutaka hewa zaidi. Aliye huru hufuata maji mkondoni, kwenye kina. Wangu nilikuwa nimewafungia, kwa kuwa sikutaka kupiga kasia hadi mkondoni.

Aliyenifumbua macho ni dada yangu, anayelima mwani hatua chache kutoka pale. "Kaka, mwani wangu umekuwa mweupe, unakatika kambani. Maji yanachoma, njoo uyaguse." Nikaenda maji yalipokupwa, nikatia mkono. Yalikuwa yanachoma kweli.

Hapo ndipo kosa langu lilipokuwa dhambi. Adhabu ya kijana ilikuwa haijafika nusu, nami ukweli nilikuwa nao, nikanyamaza. Niliona haya kurudi kwa watu walioniamini. Nilikuwa nikimwona pwani asubuhi akisaidia kuvuta vyombo vya wenzake apate kitoweo, nikageuza uso. Baadaye akauza nyavu zake.

Sasa wakati wa joto natega mkondoni tu, na bamvua likija sina dema hata moja majini mafupi. Ningefanya hivyo tangu mwanzo, samaki wale wasingekufa bure, wala nisingemtafutia mtu lawama.

Naiomba kamati imsafishe jina mbele ya watu walewale waliosikia nikimchafua. Wavuvi wenzangu, mkiinua dema la samaki wafu wakati wa joto, guseni maji kabla ya kumtaja mtu. Na wewe kijana, nisamehe. Bei ya nyavu ulizouza nitailipa mimi.