Karibu Kabla ya Mbali

Mwanadamu akipatwa na hasara hupenda kumtafuta mkosaji kabla ya kulitafuta kosa. Tabia hii ni ya zamani, na kompyuta haikuiondoa.

Huko Zirai, katika milima ya Usambara, mwalimu mmoja alikuwa na kompyuta kuukuu nyumbani kwake. Iliendeshwa na Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds wa Ufini mwaka 1991, ambao hupatikana bila ya malipo. Jioni moja intaneti ilitoweka. Saa sita ya usiku ule ndiyo iliyokuwa mwisho wa kupokewa maombi ya mkopo wa masomo ya binti yake. Binti aliulaumu ukungu. Jirani aliulaumu mnara wa simu. Mjomba akashauri mfumo wote ufutwe, uwekwe mwingine.

Mwalimu hakulaumu wala hakufuta. Aliandika amri iitwayo ping, iliyotungwa na Mike Muuss mwaka 1983, ambayo kazi yake ni kubisha hodi na kungoja jibu. Kwanza alibisha kwa kompyuta yenyewe, 127.0.0.1, ikaitika. Akabisha kwa ruta iliyokuwa juu ya kabati, ikaitika. Akabisha 8.8.8.8, namba ya seva ya Google iliyo mbali na milima ile; nayo ikaitika. Basi ukungu haukuwa na hatia, wala mnara haukuwa na kosa. Lakini alipobisha kwa jina badala ya namba, hakujibiwa. Hapo ila ilijulikana: njia ilikuwa nzima, bali kompyuta ilikuwa haina wa kumwuliza namba ya kila jina. Alifungua faili la resolv.conf, akaandika humo ile ile 8.8.8.8, kwa kuwa seva hiyo hujibu maswali ya majina. Maombi yalikwenda kabla ya saa nne.

Si kila mara ila huwa karibu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, karibu na pwani ya Afrika Kusini, na watu wengi wa Tanzania wakakosa intaneti. Siku kama ile hodi huitikwa na ruta, kisha hupotea huko mbele. Aliyefuta mfumo wake kwa sababu hiyo angaliongeza hasara ya pili juu ya ile ya kwanza. Aliyebisha hatua kwa hatua angalijua kuwa nyumba yake ni salama, na kwamba kazi iliyombakia ni kungoja.