Vikombe vya Watoto Vinavyomlipa Mtu Mzima

Kuna jamaa anazunguka Nachingwea na Ruangwa, kazi yake mazingaombwe. Vifaa? Vikombe vitatu vya plastiki vya kuchezea watoto na kijipira kimoja. Basi! Kwenye harusi anapita meza kwa meza, kijipira kinapotea mbele ya macho yako, kinaibukia mfukoni mwa shemeji.

Zamani alikuwa anapoteza noti. Msimu mmoja wa korosho, mifuko imenona, akapoteza buku tano ya mama ntilie. Ilirudi palepale, lakini mtu akapiga kelele: chuma ulete! Jamaa akaondoka mbio. Tuhuma ya uchawi si ya kuchezea.

Na si mambo ya kwetu tu. Mwaka 1584 kule Uingereza, Reginald Scot aliandika kitabu kufichua siri za viini macho, akipinga watu kuuawa eti wachawi.

Sasa jamaa kwanza anampa mtoto vikombe avikague. Watu wakiona ni vya kuchezea, hofu inaisha, vicheko vinaanza, na anatunzwa vizuri tu. Ujanja wote uko vidoleni.

Wadau, nyie mngempa noti yenu aipoteze?